Wanklyn wa Upholder, na waliokuwa juu ya maji

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1941, George Simpson, mkuu wa nyambizi za Uingereza kisiwani Malta, alikuwa akitafakari kama amwondoe Luteni Kamanda Malcolm David Wanklyn kwenye uongozi wa nyambizi Upholder. Safari ya kwanza ya vita, mwezi Januari, haikuwa mbaya, kwa kuwa Wanklyn aliipiga na kuiharibu meli ya mizigo ya Kijerumani. Lakini safari zilizofuata alirudi mikono mitupu, huku torpedo, yaani mabomu yanayojiendesha chini ya maji, zikiwa haba katika kisiwa kile kilichozingirwa na kushambuliwa kwa ndege mara kwa mara. Simpson aliamua kumpa muda zaidi. Nimesoma mengi kuhusu vita vya Bahari ya Mediterania, na uamuzi huo ndio unaonivutia kuliko yote, kwa sababu afisa aliyekaribia kuondolewa ndiye aliyekuja kuwa kamanda wa nyambizi aliyezamisha tani nyingi zaidi katika Jeshi la Majini la Uingereza kwenye Vita Kuu ya Pili.

Wanklyn alizaliwa Kolkata, India, mwaka 1911, akasomea uanamaji katika chuo cha Dartmouth, na mwaka 1933 akajiunga na nyambizi. Upholder ilijengwa Barrow-in-Furness, na yeye ndiye aliyekuwa kamanda wake tangu ilipoanza kazi mwaka 1940 hadi ilipopotea. Ilikuwa nyambizi ndogo, yenye urefu wa mita 58 hivi na mabaharia takribani 30, ya aina ambayo mwanzoni ilibuniwa kwa ajili ya mazoezi tu, na mwendo wake ulikuwa wa polepole kiasi kwamba meli nyingi za abiria zingeweza kuiacha nyuma. Kwa hiyo kamanda hakuweza kuifukuza meli. Alipaswa kukisia itapita wapi, akaisubiri.

Ugumu wa kazi hiyo hauonekani kwa urahisi. Kamanda huinua periskopu, bomba la kutazamia juu ya maji, kwa sekunde chache tu, asije akaonekana, na ndani ya sekunde hizo anapaswa kukadiria umbali wa meli, mwendo wake na uelekeo wake, kisha alenge mahali ambapo meli itakuwapo torpedo itakapofika, wala si pale ilipo. Akikosea mwendo kwa fundo mbili tatu (fundo ni kipimo cha mwendo baharini), torpedo inapita patupu, na mstari wa mapovu unaielekeza manowari ya kusindikiza mahali alipo. Ndiyo maana siwezi kumlaumu kwa miezi ile ya kukosa. Hesabu ilikuja kukaa sawa mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 1941, alipozamisha meli kadhaa zilizokuwa kwenye njia ya kupeleka shehena Libya kwa majeshi ya Italia na ya Jenerali Rommel wa Ujerumani.

Tarehe 24 Mei 1941, jua likizama karibu na pwani ya Sicily, Wanklyn aliuona msafara wa meli kubwa zilizobeba askari, ukilindwa na manowari kadhaa. Mtambo wake wa kusikilizia ulikuwa umeharibika, kwa hiyo akiwa chini ya maji alikuwa kama kiziwi, na torpedo zilizobaki zilikuwa mbili tu. Manowari moja nusura imgonge alipokuwa akijiweka sawa, lakini hakuacha. Torpedo ziliipata Conte Rosso, meli ya abiria ya Italia yenye tani karibu 18,000. Katika dakika 20 zilizofuata, mabomu 37 ya kulipukia chini ya maji yalitupwa kumzunguka, naye akaiondoa Upholder bila kuwasikia waliokuwa wakimtafuta. Kwa tendo hilo alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwake.

Conte Rosso ilikuwa na askari zaidi ya 2,700, na takribani 1,300 walikufa. Siwezi kuipita idadi hiyo haraka, kwa kuwa inanikumbusha msiba wetu wenyewe. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha Khedive Ismail, meli iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ilizama kwa dakika chache tu, na waliokufa nao walikaribia 1,300. Manowari za Uingereza zilizoisaka I-27 zilitupa mabomu mahali ambapo manusura walikuwa bado wakielea. Vijana wetu wale walikuwa katika hali ileile ya Waitaliano wa Conte Rosso: ndani ya meli iliyojaa, bila njia ya kujitetea, wakitazamwa kupitia periskopu na mtu wasiyemwona. Namheshimu Wanklyn kwa moyo wangu wote kama mwanamaji, na kazi yake ilikuwa ya lazima katika vita vile. Lakini nikisoma habari za usiku wa Sicily, nasikia pia habari ambayo familia nyingi za huku kwetu zilipokea mwaka 1944.

Ustadi wake ulifikia kilele tarehe 18 Septemba 1941. Dira kuu ya Upholder iliharibika, na nyambizi ilikuwa ikiyumba kulia na kushoto juu ya mawimbi usiku. Badala ya kuahirisha shambulio, Wanklyn aliyatumia mayumbo yale yale: alifyatua torpedo kwa zamu kila pua ya nyambizi ilipopita kwenye shabaha, kutoka umbali wa kilomita nne na zaidi. Meli za kubeba askari Neptunia na Oceania, kila moja ikiwa na tani zaidi ya 19,000, zilipigwa. Neptunia ilizama usiku ule. Oceania aliimaliza asubuhi. Safari hii askari wengi waliokolewa.

Mwanzoni mwa 1942 alizamisha pia nyambizi mbili za Italia, Ammiraglio Saint-Bon na Tricheco. Safari ya 25, iliyoanza Aprili, ilikusudiwa kuwa ya mwisho kabla ya Upholder kurudishwa Uingereza. Baada ya kushusha majasusi pwani ya Tunisia, tarehe 11 Aprili alikutana baharini na nyambizi nyingine ya Uingereza, Unbeaten, na afisa mmoja, Kapteni Robert Wilson, akahamia humo ili arudi nyumbani mapema zaidi. Kisha Upholder iliamriwa kwenda kuuvizia msafara mwingine. Tarehe 14 Aprili, Urge, nyambizi nyingine ya Uingereza iliyokuwa eneo hilo, ilisikia mabomu yakilipuka chini ya maji kwa muda mrefu. Upholder haikujibu tena wito wowote wa redio.

Uongozi wa jeshi la majini, ambao kwa kawaida haukutoa zaidi ya mistari michache kuhusu nyambizi iliyopotea, ulitoa tangazo la pekee mwezi Agosti kuwasifu kamanda na mabaharia wake kwa mfano waliouacha. Wanklyn alikuwa na umri wa miaka 30, mwenye mke na mtoto mmoja wa kiume.