Mbegu ya viazi vitamu na kiangazi kirefu cha Usukumani

Mkulima wa mahindi akishavuna anatia mbegu kwenye debe na kusubiri mvua. Wa viazi vitamu hana debe. Mbegu yake ni marando, yaani mashina yanayotambaa ya kiazi, na rando ni kitu hai: linataka maji Julai, Agosti na Septemba, wakati mvua ya mwisho ilinyesha Mei. Kwa mkulima mdogo wa Mwanza, Shinyanga au Simiyu, hapa ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapomkamata, kabla hata hajaanza kuinua matuta.

Tunasikia kila siku kwamba viazi vitamu ni zao la kuvumilia ukame. Ni kweli kwa mmea ulioshika ardhini. Marando yaliyohifadhiwa bondeni kando ya lambo, au nyuma ya bafu panapotiririka maji ya kuogea, hayana uvumilivu huo. Kiangazi kikivuka wiki zake, lambo linakauka, ng'ombe wanashuka bondeni kutafuta kibichi chochote, na mbegu ya kaya nzima inaliwa siku moja. Mvua zikianza Oktoba au Novemba, hakuna cha kupanda. Watu wanangoja maotea kutoka kwenye viazi vilivyosahaulika shambani, na hayo hayawi marefu ya kutosha kukatwa hadi Desemba au Januari. Aina nyingi zinataka miezi 4 hadi 5. Ukipanda Januari na mvua zikakatika mapema, viazi vinanenepa wakati tuta limeshakauka.

Tuta kavu lina hasara nyingine. Udongo unapasuka, na fukusi jike, mdudu anayeharibu viazi lakini hawezi kuchimba, anashuka kwenye ufa hadi kwenye kiazi na kutaga mayai. Kiazi kilichotobolewa kinatengeneza uchungu ambao hautoki hata ukikichemsha. Ndiyo maana kupandishia udongo na kuziba nyufa ni kazi ya lazima kila kunapokauka, hasa katika kipindi cha ukavu cha Januari na Februari.

Kuhusu mbegu, njia ninayoiamini kuliko zote ni kuhifadhi viazi vyenyewe ndani ya mchanga. Anza kabla ya kuvuna: weka alama kwenye mashina yenye nguvu, uyaache yale yaliyodumaa au yenye majani madogo ya njano, kwa sababu virusi vinasafiri na kiazi hadi msimu ujao. Chagua viazi vya wastani visivyo na jeraha wala tundu. Tandika gazeti kwenye beseni, weka mchanga mkavu kina cha vidole vitatu, panga viazi visigusane, funika, panga safu nyingine, kisha malizia na mchanga mwingi juu. Beseni likae ndani ya nyumba, mahali penye ubaridi.

Wengi wanaharibu kwenye mchanga. Wenye unyevu unaozesha; uliotoka kuanikwa juani bila kupoa unavipika viazi. Fukua kila mwezi. Kilichooza au chenye fukusi kitoe hapohapo, maana mayai yaliyoingia shambani hayaonekani siku ya kuvuna. Machipukizi yaliyotangulia yavunje, kiazi kitatoa mengine.

Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, vihamishie kwenye kitalu karibu na maji, sentimeta 50 kila upande, mwagilia kila baada ya siku 3 au 4. Zungushia miiba, la sivyo mbuzi watakushukuru. Tarehe ya kuhesabia kurudi nyuma ichukue kwenye utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, usiishike ile ya mwaka jana.

Hesabu ni hii. Matuta yaliyoachana mita 1 na vipando (vipande vya rando) kila sentimeta 30 yanataka vipando kama 3,400 kwa robo eka. Kiazi kimoja kilichotunzwa kinaweza kutoa kama 40 ukikata zaidi ya mara moja, kwa hiyo viazi 85 vinatosha. Weka 100 kufidia vitakavyooza. Hivyo ni mabeseni mawili au matatu, na kitalu cha mita 5 kwa 5.

Kata ncha ya rando, sentimeta 30 hivi, vifundo vitatu viingie ardhini. Sehemu ya chini karibu na shina iache, fukusi hupenda kutaga huko. Na viazi vya michembe, yaani vya kukatwa vipande na kukaushwa, usivichanganye na vya mbegu. Vya michembe vinaanikwa juani kwenye majabali, na siku hizi mvua ya ghafla ikivikuta juu ya jabali vinaota ukungu. Vya mbegu viwe vimeshaingia mchangani wiki ileile ya kuvuna.