Asubuhi ya Kwenda Kumwona Marco

Mzee niliyekuwa nikimuuguza Cesenatico, mji wa pwani ya Italia, aliamka kabla ya jua, akaniagiza shati lake la njano. "Twende tukamwone Marco."

Marco Pantani, bingwa wa mbio za baiskeli na mtoto wa mji huo, alikuwa amekufa miaka 20 nyuma, Februari 14, 2004, peke yake katika chumba cha hoteli huko Rimini. Nikadhani akili za mzee zimeanza kuyumba.

Wapi! Ilikuwa Jumapili, Juni 30, 2024, na Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, ilikuwa ikianzia hapo mjini hatua yake ya pili, kwenda Bologna, kwa heshima ya marehemu huyo huyo. Nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu kandokando ya mfereji wa bandari. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu baiskeli hubeba mkaa na madumu ya maji. Mwendesha baiskeli wa kuliliwa na mji mzima sikuwahi kumsikia. Sasa kila nikigeuka ni yeye: upara, masikio makubwa, hereni. Walimwita Haramia. Watoto waliozaliwa yeye akiwa kaburini walijifunga vitambaa kichwani kama vyake.

Njiani mzee akaanza tena habari za Oropa, mlima mmoja wa Giro, mbio kubwa za baiskeli za Italia. Mwaka 1999 mnyororo wa baiskeli ulimtoka Marco mlima ukiwa umeshaanza, akashuka, akaurudisha, akawapita watu 49 mpaka akashinda. Hata mikono hakuinua, maana alidhani bado kuna mtu mbele. Hapo sauti ya mzee hukatika, kila mara. Habari hiyo nilikwisha kuichoka, ila siku ile niliisikiliza.

Siku chache baada ya Oropa alitolewa kwenye Giro kwa kipimo cha damu: chembe nyekundu asilimia 52, mahali palipokuwa pakiruhusiwa 50. Nikathubutu.

"Babu, na kama alitumia dawa kweli?"

Kimya. Tulikwisha simama pembeni ya barabara ndipo akajibu: "Mwanao wa Tanga akikamatwa na polisi leo, utaacha kumtumia hela?"

Nikanyamaza mimi. Jibu lenyewe halijaniridhisha hadi leo. Mwanangu hajampokonya mtu ushindi. Lakini hela ningetuma.

Kundi likapita polepole, kwani mashindano yenyewe yangeanza nje ya mji. Nikapiga makofi. Mzee hata hakuwatazama mabingwa wale. Macho yalikuwa ng'ambo, kwa mtoto mmoja mwenye kitambaa kichwani.

Kesho yake jioni nilikuwa nakusanya vyombo, televisheni inaonyesha hatua iliyofuata ya Tour, ikiishia Torino. Biniam Girmay wa Eritrea akachomoka kwenye msongamano, akamaliza wa kwanza. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hatua ya Tour kabla yake. Nikapiga yowe, kikombe kikanidondoka, pwaa!

Mzee akatazama vipande sakafuni, kisha akanitazama mimi.

"Zoa," akasema. "Sasa na wewe umepata wako."