Taa za dharura zilizozima baada ya dakika 10

Hatimaye nimepumua. Umeme ukikatika, taa za dharura za ngazi kwenye jengo letu hapa Dar ziliwaka dakika 10 tu badala ya saa 3. Nilibadilisha balbu, wapi! Nikanunua betri mpya. Kufika Februari zimekufa tena.

Nikapanda darini na kipimajoto: nyuzi 48! Betri zimelala chini ya bati. Betri za asidi hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Nikazishusha taa, na betri mpya, hadi ukutani penye hewa.

Halafu kile kitufe cha kujaribia kilikuwa kikinihadaa: kinaonyesha taa inawaka, hakisemi itadumu muda gani. Jumapili asubuhi, jengo tupu, nikazikatia taa hizo umeme kwa saa 3 nzima. Hakuna taa iliyozima.