Klipu ya Nusu Dakika Iliyonipeleka Bagamoyo

Kituo cha Makumbusho nakipita karibu kila siku, na jirani yake tu kuna Kijiji cha Makumbusho, kipo pale tangu 1967 na nyumba zake za asili. Sijawahi kuingia. Ndiyo sisi watu wa Dar. Kilichonitoa Temeke alfajiri ya Alhamisi kwenda tamasha la Bagamoyo ni klipu ya nusu dakika kwenye TikTok: akina mama wa Kigogo wanapiga muheme, ngoma wamezibana mapajani, vumbi linatimka.

Bagamoyo haizidi kilomita 75 kutoka katikati ya jiji, ila foleni ya Mwenge na Tegeta haijui kilomita. Tulipoipita Bunju gari likafunguka. Mapinga, Kerege, Kiromo, tumefika.

Getini TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni inayoandaa tamasha, mlinzi akanitazama kwa huruma. "Kaka, tamasha linaanza Jumamosi." Jukwaani vijana walikuwa bado wanafunga taa. Kumbe tangazo lililozunguka kwenye makundi ya WhatsApp lilikuwa la mwaka uliopita, mtu kalirusha tena bila kusoma tarehe. Tamasha lenyewe limeanza 1982, mwaka mmoja baada ya Chuo cha Sanaa ambacho ndicho TaSUBa ya leo, na miaka yote hiyo ya mwanzo watu walifika bila simu ya kuwapoteza.

Nikakasirika, halafu nikahesabu hela. Nikapanga chumba siku mbili, nikala pweza soko la samaki, nikatembea magofu ya Kaole na kijana anayeongoza wageni. Bila kosa lile la tarehe, hela hiyo ningerudi nayo Temeke.

Maana Jumamosi jioni niliwaona wenzangu wa Dar wakishuka kwenye magari yao na maboksi ya barafu, simu juu, wanarekodi, na usiku huohuo wanageuza. Mama ntilie niliyekuwa nakula kwake akaonyesha chupa zilizotapakaa chini ya mnazi. "Maji wanakuja nayo, chupa wananiachia mimi." Picha zao zitapendeza, sina shaka.

Akina mama wa muheme niliwakuta nyuma ya jukwaa, wanakanza ngoma kwenye moto wa majani makavu. Mmoja anaigonga ya kwake kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwonyesha ile klipu. Akacheka, akawaita wenzake, wakasongamana juu ya simu yangu. "Huyu mimi! Na kaniki ile imeshachanika." Akauliza wameiona watu wangapi. Nikamwambia ni maelfu kwa maelfu. Akanyamaza kidogo.

"Sasa mbona simu haijaita?"

Nikaitazama upya. Aliyeirusha kaweka muziki wake na jina lake. Kikundi hakikutajwa, kwao hakukutajwa, hata kama ni Wagogo hakusema. Mwenye harusi Dodoma au Kigamboni akitaka kuwaalika, atawatafutia wapi?

Nikaomba ruhusa ya kurekodi. Wakateta kwa Kigogo, wakakubali kwa sharti kwamba niandike jina la kikundi kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kiongozi wao akanitajia namba ya simu taratibu, mkono mmoja juu ya ngozi ya ngoma, kisha akanitaka niisome.

Nilikuwa nimekosea tarakimu moja.