Nimerudi Unguja, na sikuwa London, nilikuwa Woking

Assalaam aleikum jamani, nimerudi. Leo wiki ya tatu niko kwa mamangu Kikwajuni na kila anaekuja kunipa pole ya safari swali lake ni hilohilo, haya tuambie, London ikoje? Mie nnajibu sikuwa London, nilikuwa Woking, na nikishasema hivyo naona hamu inawaisha, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mchele. Miaka 16 ya maisha yangu iko pale, basi niacheni nieleze hapa.

Woking iko Surrey, kusini magharibi ya London, halmashauri nzima ina watu laki moja na kitu. Treni ya haraka mpaka stesheni ya Waterloo, London, kama dakika 25 hivi na ndo maana watu wengi wanakaa pale, nyumba Woking kazi London. Mie nilikuwa nafanya kazi ya kuhudumia wazee, shifti ya usiku, natoka saa moja na nusu asubuhi, kwa hiyo kila siku tulikuwa tunapishana stesheni, wao wanakwenda mie narudi. Makoti meusi, kikombe cha kahawa mkononi, kimya, kila mtu kasimama pahala pake palepale pa jana kwa sababu anajua mlango wa behewa utafungukia wapi. Mwanzo nikiwaona watu wakavu kweli. Kisha mzee mmoja akawa ananitikisia kichwa tu, miaka minne kichwa tu, mpaka nilipougua nikakosekana wiki mbili na siku niliyorudi akatoka kwenye mstari wake akaja kuniuliza kama nimepona. Nilifika nyumbani nikampigia mamangu kumhadithia hilo.

Wakishaondoka wale, mji unabaki wetu sisi wengine. Wazee, kina mama na vigari vya watoto, Wapakistani na Wakashmiri wa Maybury na Sheerwater, Wataliano watu wazima ambao wengi wao asili yao ni mji mmoja tu wa Sicily, Mussomeli, na sisi wa shifti za usiku tunaoburura miguu kando ya mfereji wa Basingstoke tukitafuta kitanda. Huo ndo Woking ninaoujua mie, wa saa nne asubuhi.

Tena mji wenyewe umezaliwa na reli. Stesheni ilifunguliwa 1838 pakiwa ni nyika, kijiji chenyewe cha Woking kiko mbali kidogo, na kilichojaza pale ni makaburi. London makaburi yalikuwa yamejaa, kipindupindu kimeua watu wengi, basi 1852 Bunge likaruhusu kampuni ya maziko, ikanunua zaidi ya eka 2,000 za ardhi ya Woking, na 1854 ikafungua makaburi ya Brookwood. Maiti wakawa wanaletwa kwa treni yao maalumu kutoka Waterloo, daraja la kwanza, la pili na la tatu, hata umeshakufa! Waliomsindikiza walikatiwa tiketi ya kwenda na kurudi, jeneza la kwenda tu. Treni hiyo ilidumu mpaka 1941 vitani, stesheni yake ya London ilipopigwa bomu. Na ile ardhi iliyozidi kampuni ikaiuza kidogokidogo, nyumba zikajengwa, mji ukaota hapo. Mie nilipoyajua haya nilikaa muda kwenye benchi la stesheni nawatazama wale watu wa asubuhi, nikifikiria abiria waliokuja upande wa pili kabla yao.

Sasa kuna jambo ambalo hapa nyumbani hawaniamini. Msikiti wa kwanza uliojengwa khasa kuwa msikiti Uingereza haupo London, uko Woking, Oriental Road, karibu na reli. Ulijengwa 1889 na Leitner, msomi mzaliwa wa Budapest aliekuwa na chuo chake pale cha lugha na elimu za Mashariki, na Shah Jahan Begum, mwanamke aliekuwa akitawala Bhopal kule India, akatoa fedha, ndo mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Mdogo, una kuba la kijani, umezungukwa na miti, ukiuona mara ya kwanza unasema huu umepotea njia. Leitner alipofariki 1899 ukafungwa miaka mingi, mpaka Khwaja Kamal-ud-Din, wakili wa Lahore, alipokuja kuufufua kabla ya vita vya kwanza. Idi yangu ya kwanza niliiswali pale nalia, sina jamaa hata mmoja, mama mmoja wa Kikashmiri hajui Kiswahili wala mie sijui chake akanivuta mkono kwenda kula kwake, na kila Idi baada ya hapo nilikuwa mtu wa nyumba ile.

Halafu Brookwood kwenyewe, upande wa Waislamu. Sayyid Said bin Taimur, sultani wa Oman aliepinduliwa na mwanawe Qaboos 1970, alipofariki London 1972 alizikwa pale, mjukuu wa kizazi kilekile cha Sayyid Said aliehamishia makao yake hapa kwetu Unguja. Na treni za Portsmouth zinapita Woking, Jamshid, sultani wetu wa mwisho wa Zanzibar, aliishi kule Portsmouth miaka na miaka mpaka alipoondoka kwenda Oman 2020. Kila spika ya stesheni ikiita Portsmouth nilikuwa namkumbuka bibi yangu na hadithi zake, Mungu amrehemu. Watu wanasema pale ni kijijini hakuna kitu!

Na mji umeumia pia, nisifiche. Halmashauri ilikopa fedha nyingi mno kujenga maghorofa marefu katikati ya mji na hoteli, na Juni 2023 ikatangaza rasmi haiwezi kulipa, pengo la pauni bilioni 1.2 na bajeti yake ya msingi ni milioni 16 tu. Kodi ikapandishwa asilimia 10 mwaka uliofuata. Yale maghorofa unayaona toka mbali treni haijafika. Mie yananiuma kwa sababu wazee niliokuwa nikiwaogesha wamelipa kodi mji ule tangu ujana wao.

Juzi nimekwenda kumuamkia ami yangu Malindi. Shikamoo ami, marahaba mwanangu, chai ikaja. Kurani yake yenye tafsiri ya Kiingereza ya Abdullah Yusuf Ali iko palepale juu ya meza, karatasi zimeshakuwa rangi ya majani makavu, ameisoma tangu yuko skuli. Nikamwambia ami, huyu bwana kazikwa Brookwood, kituo kinachofuata tu toka Woking, nimelizuru kaburi lake. Alifariki London 1953, fukara, hana mtu. Ami akanyamaza, akaweka kikombe chini.

Umemuombea?

Nimemuombea ami, zaidi ya mara moja.

Akavuta kiti karibu, akamwambia mjukuu azime tivii. Haya mwanangu, nieleze hiyo Woking.