Salamu za Askari Aliye Baharini

Bwana asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni Warumi 16, mstari wa 1 hadi wa 23. Najua ni sura ambayo wengi huipita mbio. Tukishasoma ile baraka ya Mungu wa amani mwishoni mwa sura ya 15, tunaona kama waraka umekwisha na kilichobaki ni majina tu: Asinkrito, Flegoni, Trifaina na Trifosa, Filologo. Sijawahi kusikia mahubiri yake hapa kwetu, na nimekaa kanisani tangu utoto. Mwezi huu nimeisoma tena na tena, kwa sababu nimekuwa nikisoma pia barua za babu yangu, ndugu mdogo wa baba yake baba, alizowaandikia watu wa nyumbani akiwa safarini kwenda vitani.

Babu alikuwa kijana wa hapa Maseno. Aliandikishwa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wakati wa vita vya pili vya dunia, akapanda gari la moshi Kisumu, akapita Nakuru na Nairobi hadi Mombasa. Mwaka 1943 akavushwa na wenzake wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kwenda Ceylon, nchi ambayo leo inaitwa Sri Lanka. Mwaka uliofuata wakapelekwa Burma, katika bonde la Kabaw, lenye matope na malaria, mpaka wakauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Alirudi mzima. Barua zilizosalia ni chache, na zote ni za safari ile ya melini. Shangazi alizitunza ndani ya bahasha moja na hati ya shamba. Alipofariki ndipo zikanifikia.

Nilizifungua nikitarajia habari za vita. Sikuzikuta. Nilikuta salamu. Babu anaanza kwa kumsalimu mama yake, kisha baba yake, kisha kaka zake mmoja mmoja kwa umri wao, wake zao, na watoto hata yule ambaye alikuwa bado ananyonya alipoondoka. Anamsalimu mwalimu wa shule ya kanisa. Anamsalimu mjomba anayekaa ng'ambo ya mto, na bibi mjane ambaye alikuwa akimchotea maji. Anamsalimu pia jirani ambaye sisi sote nyumbani tunajua waligombana naye juu ya mpaka wa shamba, na hakuna neno la ugomvi hapo, ni jina lake tu na kumtakia afya. Ukurasa unakaribia kwisha ndipo anauliza kama yule ng'ombe mwekundu amezaa. Mistari miwili mitatu ya habari zake mwenyewe, halafu anaanza kusalimu wale aliowasahau.

Mara ya kwanza nilivunjika moyo kidogo. Nilitaka kujua aliona nini na aliogopa nini. Baadaye nikaelewa hali aliyoandikia.

Askari wa wakati ule hakuruhusiwa kutaja jina la meli, wala bandari aliyotokea, wala upande anaoelekea. Barua haikufungwa kabla ofisa hajaisoma. Neno lililokatazwa lilipakwa wino au likakatwa kwa wembe. Katika barua mojawapo ya babu kuna tundu la pembe nne, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, katikati ya sentensi. Ukiinua karatasi dhidi ya dirisha, mwanga unapita. Hatutajua kamwe pale palikuwa na neno gani. Sasa fikiri juu ya kijana huyu. Hawezi kusema yuko wapi. Hawezi kusema anakwenda wapi, maana hata yeye hajaambiwa. Hawezi kuahidi atarudi lini. Kitu ambacho hakuna ofisa angekikata ni majina ya watu wa kwao. Basi akayajaza ukurasa mzima.

Kuhusu bahari yenyewe alisema kidogo sana. Aliandika kwamba alidhani anayajua maji kwa kuwa alikulia karibu na ziwa, lakini ukisimama Kisumu unaona vilima ng'ambo, na kule aliko haoni kitu upande wowote. Aliandika kwamba wanaoga maji ya chumvi na sabuni haitoi povu hata ukisugua namna gani. Mengine alikuja kuyasimulia aliporudi: jinsi walivyolala wamebanana chini kwenye joto, jinsi jaketi la kuelea lilivyokuwa mto wa kichwa usiku, jinsi taa zote zilivyozimwa jua likishazama na mtu akawa haruhusiwi hata kuwasha kiberiti kule juu, kwa sababu nyambizi za Wajapani zilikuwa zinawinda njia ile. Hofu hiyo yote haimo kwenye barua. Nadhani hakutaka mama yake aibebe.

Kuna jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililonirudisha kwa Paulo. Mwandiko si wa babu. Wakati ule alijua kuandika jina lake tu, na jina hilo lipo chini, herufi kubwa zilizopinda. Mwenzake aliyepitia shule ndiye aliyekuwa akimwandikia, kwa Kiswahili kile cha jeshini kilichoitwa Kikeya. Na mwishoni mwa barua mojawapo, chini ya sahihi ya babu, mwandishi huyo ameongeza mstari wake mwenyewe kwamba naye, aliyeiandika barua hii, anawasalimu watu wote wa nyumba hiyo. Hatumjui ni nani wala alitoka wapi. Alikuwa akiwasalimu watu ambao hajawahi kuwaona, kwa sababu alikuwa ameandika majina yao mara nyingi mpaka wakawa kama watu wake.

Sasa fungua Warumi 16:22. Katikati ya salamu za Paulo linajitokeza jina la mtu mwingine kabisa: Tertio, yeye aliyeuandika waraka huu, anawasalimu katika Bwana. Paulo alikuwa akisema, Tertio akawa anaandika. Waraka huu wenye habari za kuhesabiwa haki kwa imani, wenye ile sura ya 8 tunayoisoma makaburini, ulipita katika mkono wa mtu ambaye tungemkosa kabisa kama asingeomba nafasi ya kusalimu. Na angalia anayedhaniwa ndiye aliyeupeleka. Sura inaanza kwa kumtambulisha Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na Kenkrea ilikuwa bandari ya Korintho upande wa mashariki. Waraka ulitoka mahali pa meli, kama barua za babu.

Upendo wa kijana yule ulipita mikono mingapi kabla ya kumfikia mama yake? Mwenzake aliuandika. Ofisa mgeni aliusoma na kuupunguza kwa wembe. Posta ikaubeba. Kisha mwalimu wa shule akaja nyumbani, watu wakakusanyika uani, akausoma kwa sauti na kuutafsiri kwa Kinyore, lugha ya kwetu, kwa kuwa mama huyo hakujua Kiswahili. Shangazi alikuwa mtoto wakati huo. Alituambia kwamba kila jina lilipotajwa, mwenye jina aliitika, kana kwamba babu amesimama pale. Aliyekuwa hayupo, mtu alitumwa kwenda kumwambia kwamba ametajwa.

Hapo sasa niseme habari ya meli nyingine. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba askari ulitoka Mombasa kwenda Colombo. Mojawapo iliitwa Khedive Ismail. Ilikuwa na watu zaidi ya 1,500, miongoni mwao kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, Rejimenti ya 301, pamoja na wauguzi wanawake. Alasiri ya Jumamosi tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa watu karibu 1,300, na waliookolewa ni mia mbili na kidogo. Yule aliyekuwa na salamu zake mfukoni akingoja kuzitia posta Colombo, salamu hizo zilizama pamoja naye. Ilikuwa njia ileile aliyopita babu miezi michache kabla. Kwa nini huyu afike na yule asifike, sina jibu, na sitalibuni kwa ajili ya kuipendezesha tafakari.

Askari wa Afrika Mashariki waliopotea na meli ile wanakumbukwa Nairobi, ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Hilo ni jema, kwa sababu kizazi kilichowatangulia hakikupata hata hicho. Katika vita vya kwanza, 1914 hadi 1918, maelfu ya wanaume wa Nyanza walichukuliwa kubebea majeshi mizigo, wale wa Kariakoo (yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi), na wengi walikufa kwa njaa na maradhi njiani. Pale katikati ya Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, zimesimama sanamu za shaba za kuwakumbuka wao na askari. Maandishi yake yanasema kwamba hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Hakuna jina hata moja lililoandikwa pale. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nilipoisoma hesabu hiyo niliona uchungu, kwa sababu najua familia za upande wetu huu ambazo zina baba wa babu aliyekwenda na hakusikika tena, na hawana pa kwenda kuweka hata ua.

Kwa hiyo ninapofika kwa Isaya 49:16, Bwana anaposema, "Tazama, nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu," siwezi kuusoma mstari huo kama pambo. Wako watu ambao hakuna kitabu cha serikali kilichowaandika. Ama Mungu anayo majina yao, ama hakuna aliye nayo. Mimi naamini anayo. Naamini pia neno la Zaburi 139, ambalo Daudi alilisema bila kuijua meli ya askari: "Ningezitwaa mbawa za asubuhi, na kukaa pande za mwisho za bahari, huko nako mkono wako utaniongoza, na mkono wako wa kuume utanishika." Pande za mwisho za bahari. Mahali ambapo ofisa amelikata jina lake kwa wembe, Mungu anapajua.

Wapendwa, nasi tuna watoto wetu mbali. Kuna nyumba chache katika ushirika wetu zisizo na mtu Saudia, Doha au Dubai. Wako vijana wetu wa jeshi walioko Somalia, na polisi waliopelekwa Haiti kuanzia mwaka 2024. Siku hizi hakuna wa kuzikata barua zao, simu inaingia wakati wowote. Lakini tunazungumza nao nini? Mara nyingi binti amemaliza kazi usiku wa manane, anapiga, na kabla hajaulizwa amekula nini anaambiwa habari ya karo na mabati. Nasema haya kwa upendo, lakini nayasema wazi: si vizuri. Mpe simu bibi amsalimu. Mtajie nani amezaa, nani amepona, nani alimuuliza kanisani Jumapili. Yeye naye atawataja wake. Hizo ndizo habari alizozikosa.

Na katika maombi yetu ya pamoja tumezoea kusema, "Tunawakumbuka wote walio safarini," tukapita. Paulo hakuwasalimu "wote walioko Rumi" akaishia hapo. Alimtaja Persisi na bidii yake. Aliwataja Prisila na Akila waliohatarisha shingo zao kwa ajili yake. Alimtaja Rufo na mama yake, akakiri kwamba mama huyo ni mama yake pia. Na alikuwa hajawahi kufika Rumi. Alipofika hatimaye, alifika mfungwa, baada ya meli kuvunjika Malta. Luka anatuambia katika Matendo 28:15 kwamba ndugu waliposikia habari zake walitoka kumlaki, wengine mpaka Soko la Apio, wengine mpaka Mikahawa Mitatu, mwendo wa zaidi ya siku moja kwa miguu kutoka mjini. Paulo alipowaona alimshukuru Mungu, akachangamka. Luka hakuyaandika majina yao. Lakini mtu aliyesikia jina lake likisomwa mbele ya kanisa kutoka kwa mtume aliye mbali, huyo angeweza kukaa nyumbani siku ile?

Basi Jumatano jioni tutakapokutana, kila nyumba ije na majina ya watu wake walio mbali, na mahali walipo kama mnapajua. Kwa nyumba zile ambazo mtu alikwenda na hakurudi, hata kama ni miaka themanini au mia iliyopita, leteni jina hilo pia. Tutayasoma yote kwa sauti. Yakiwa mengi tutakaa mpaka yaishe. Mama mchungaji amesema chai itakuwepo, na wanaokaa mbali, upande wa Luanda, watasindikizwa. Kabla ya siku hiyo, isomeni Warumi 16 nyumbani, mpeni mtoto mmoja aisome, na asiruke jina.