Historia inalipa shilingi ngapi?

Jumanne usiku, Kimara

Leo mjomba kanitumia ujumbe wa sauti. Sehemu kubwa ni salamu, mvua za Korogwe na bei ya saruji, maana anauza vifaa vya ujenzi. Mwishoni ndipo akafika penyewe: "Sasa mwanangu, hiyo historia, tangu umalize, imeshakuingizia shilingi ngapi?"

Hakuuliza kwa kebehi. Mkopo wa chuo ulipochelewa semista ya kwanza, yeye ndiye aliyenilipia kitanda hosteli, kwa hiyo hesabu ana haki nayo. Nikaandika jibu, nikalifuta, kisha nikachukua daftari nikaanza kujumlisha kwelikweli. Tangu mahafali ya Novemba mwaka jana imeingia milioni moja na laki moja na ushee. Ukitoa bando, umeme ninaochangia kwa shangazi na zile nilizomtumia mama, hiyo laki moja na ushee ndiyo iliyowahi kulala kwenye simu yangu.

Nimemtumia hiyo namba kama ilivyo. Kajibu kwa alama ya dole gumba tu. Kwa mfanyabiashara, dole gumba linaweza kumaanisha chochote.

Kinachonichekesha ni kwamba mshahara wa uhakika pekee niliowahi kupata maishani ni bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo. Sisi tulioingia chuo 2022 tulikuta Bodi ya Mikopo imeshapandisha fedha ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na tulivyokuwa tukilalamika kwamba haitoshi, ungedhani tunanyongwa. Sasa hakuna siku ninayoweza kuapa kwamba elfu kumi itaingia. Na ile niliyokula inanisubiri: siku nitakayoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakwenda Bodi kabla mimi sijauona. Angalau ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021. Waliotutangulia walikuwa wanalipa huku deni linanenepa.

Mjomba anaamini ningesoma uhasibu mambo yangekuwa mengine. Huwa simjibu, ila jibu liko ndani ya ukoo. Binamu yangu amesoma uhasibu, na kafaulu vizuri. TRA, Mamlaka ya Mapato, ilipotangaza nafasi 1,596 mwaka 2025, walioomba walizidi 135,000, naye akiwamo. Akafanya mchujo, akarudi, akaendelea kuuza vitenge kupitia simu. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kozi zetu za sanaa ndizo zisizo na ajira, namtazama tu. Foleni ni moja, tofauti ni kwamba wenzetu wamesimama wakiwa na kikokotoo.

Tena ukifikiria, hata waliotuachia haya tuliyosoma hawakula kutokana nayo. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Mashairi yalimpa jina, unga ulitoka forodhani. Na kwa kuwa forodha siku hizi iko chini ya TRA, leo hii angekuwa kwenye usaili uleule na binamu, kalamu ya wino wa bluu mfukoni, akimuuliza jirani yake kama hesabu za asilimia hutoka.

Halafu kuna wimbo wa kujiajiri. Nimekaa kwenye makongamano ya vijana ya kutosha kuwachunguza waimbaji: karibu wote wana mshahara, bima na gari la ofisi. Hata hivyo tulijaribu. Tulikusanyana watano, wanne tuliosoma pamoja na jirani mmoja fundi kompyuta, tukaandika andiko la kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake unaogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, na hilo peke yake linatosha kumtoa mtu kitandani asubuhi. Wazo letu lilikuwa ofisi ndogo ya kunukuu mahojiano ya watafiti, kuhariri tasnifu na kutafsiri.

Afisa aliyetupokea alikuwa mtu mwema, alituita "wanangu" na kutuagizia maji. Akasoma andiko lote. Kisha akauliza: "Mkaguzi akija, anaona nini?" Tukasema ataona kompyuta mpakato mbili na vipokea sauti vya masikioni. Akanyamaza kidogo, akatushauri kuku wa nyama. Tulitoka pale tunacheka, ila mmoja wetu hakucheka. Sasa hivi ana banda nyuma ya nyumba ya dada yake Mbezi, na wiki sita sita anauza. Yule afisa hakuwa mjinga. Kuku anahesabika. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza usiku huu nimejua kazi yangu inahesabikaje.

Ngoja niiandike, labda itamsaidia mtu anayeifanya.

Nalipwa 20,000 kwa saa moja ya sauti iliyorekodiwa. Kwa anayeisikia juujuu ni hela nzuri. Lakini chukua faili ninalolifanyia kazi wiki hii. Ni bibi mmoja wa milima ya Usambara anahojiwa juu ya ardhi ya ukoo. Kinasa sauti kiliwekwa, nadhani, karibu na mlango, maana jogoo anasikika kuliko mwenye nyumba. Dakika ya kumi na mbili mvua inaanza juu ya bati. Mtafiti anamuuliza ni mwaka gani shamba liligawanywa, bibi anasema ni mwaka aliozaliwa fulani, halafu anaanza kubishana na mtu mwingine ndani ya nyumba kuhusu huyo fulani ni mkubwa kwa nani. Wote wawili wanaongea pamoja, na mimi natakiwa niandike kila mmoja kasema nini. Nasikiliza sekunde kumi, narudisha, nasikiliza tena, nawasha na kuzima feni kwa sababu inanizibia herufi. Na kila bibi anapofika penye uchungu anaacha Kiswahili, anahamia Kisambaa. Niliwahi kulijaribisha hapo lile programu la kugeuza sauti kuwa maandishi. Liliandika habari za samaki. Mimi Kisambaa nimenyonya kwa mama, kwa hiyo hapo naelewa, ila kuelewa na kukiweka kwenye Kiswahili kinachosomeka bila kumpunguzia bibi hasira yake ni kazi nyingine.

Saa moja ya namna hiyo inanila saa sita. Gawanya mwenyewe: ni kama 3,300 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara serikalini, tangu Julai 2025, ni 500,000, kutoka 370,000. Ili nikifikie nahitaji saa 25 za sauti kwa mwezi, yaani saa 150 mezani, na hizo zinafanyika, watu wa ofisini wanakaa zaidi ya hapo. Shida ni kwamba sauti haziji saa 25 kwa mwezi. Mwezi mmoja zinakuja zote, kila mwenye faili anataka jana, halafu miezi miwili simu iko kimya, na hata nilichomaliza kinalipwa "hela ya mradi ikitoka."

Hapa ndipo nikaiacha kalamu nikaenda kuvuta boksi chini ya kitanda.

Tasnifu yangu ya mwaka wa tatu ilihusu manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge Korogwe. Wengi mnajua kwamba zao lenyewe lilianza na miche 62 iliyofika hai mwaka 1893 mikononi mwa Mjerumani Richard Hindorf. Mimi sikuvutiwa sana na miche, nilivutiwa na watu, kwa sababu babu, baba yake baba, aliletwa Tanga kutoka Njombe kufanya kazi hiyo. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, na vijana kama yeye walisafirishwa kutoka mikoa ya mbali kwa maelfu. Malipo yalikwenda kwa kipande: kadi yenye nafasi za siku 30. Siku uliyomaliza kazi uliyopimiwa inatiwa alama. Siku uliyougua, au uliyoshindwa kumaliza, haimo. Kadi ikijaa ndipo unapokea. Wengine kadi moja iliwachukua wiki sita, nane. Mzee mmoja niliyemhoji, mshahara wake alikuwa ameshausahau kabisa, lakini deni la dukani alilitaja mpaka senti: sukari, tumbaku, kanga ya mke. Aliyekuwa anasubiri kadi ijae alikula kwa mkopo, na mkopo ulikuwa na mwenyewe.

Sitaki kujilinganisha naye kupita kiasi. Mimi nimekaa kwenye kiti na feni, yeye alikata majani yenye miiba kwenye ncha kuanzia alfajiri. Lakini kuna kitu nilikiandika kurasa nzima kumhusu yeye na leo nimekikuta kwenye daftari langu: kazi imekwisha, fedha iko kwa mwenye kazi, na siku za kungojea anazigharimia mfanyakazi. Wasiwasi wangu wote wa miezi hii, ule unaoniamsha saa tisa usiku, nilikuwa nauita "sijui nifanye kazi gani." Kazi ninaijua. Ninachokosa ni mwisho wa mwezi.

Mama ana dawa yake: ualimu. Nisome mwaka mmoja stashahada ya uzamili ya elimu, niombe ajira. "Mwalimu halali njaa," anasema, naye amefundisha shule ya msingi miaka mingi, kwa hiyo siwezi kumbishia kwa vitabu. Wala siudharau ualimu. Nilipojitolea kufundisha kidato cha tatu wakati wa likizo nililala usingizi mzuri kuliko sasa. Ila ada ya mwaka huo haipo, na mbele ya mlango kuna watu. Wapo walimu waliohitimu 2015 ambao mpaka leo wanangoja, na siku hizi nao wanapitia usaili. Rafiki yangu anafundisha kwa kujitolea shule moja ya kata, wazazi wakichanga ndipo apate posho, wasipochanga anatembea. Nikimwambia mama hayo anasema Mungu hamtupi mja wake, na mazungumzo yanaishia hapo.

Jumatano

Nimemweleza shangazi hesabu zote hizi asubuhi wakati anachambua mchele. Shangazi ni mpishi wa shughuli: harusi, arobaini, vikao vya chama. Hakufika hata darasa la saba. Akanisikiliza mpaka kwenye kipande, akauliza, "Kwa hiyo wewe unamaliza kazi ndiyo unaomba hela?" Nikasema ndiyo utaratibu wa watafiti. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Mimi sufuria haipandi jikoni bila kianzio. Hata awe mchungaji."

Kuna mwanafunzi wa uzamivu anayetaka mtu wa kufuatana naye Korogwe na Lushoto, anayejua Kisambaa na anayejua kuhoji wazee. Amekuwa akiniandikia kwa heshima sana na kila mara anasahau kutaja pesa. Nimekaa nikamwandikia: bei ya siku ya kazi, posho ya kujikimu mbali, nauli mbali, unukuzi utalipwa kwa saa za kazi na si kwa saa za sauti, na nusu ya yote itangulie kabla sijapanda basi. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kutuma muda mrefu kiasi cha shangazi kupita na kukibonyeza yeye.

Jibu limekuja jioni hii. Nusu ni nyingi, anasema, anaweza kutanguliza theluthi. Saa za kazi amekubali, ila anataka niziandike kila siku kwenye fomu. Nimeichukua theluthi na nauli yote ya kwenda.

Chuo chake kinadai ankara yenye TIN, namba ya mlipakodi. Kwa hiyo kesho naingia TRA, japo kwa mlango ambao binamu hakuuomba.